Hawa paka wakubwa wa manyoya marefu wenye sura ya mwitu, nini hasa kinatuvuta?

fundi_madishi

Wakuu habarini za jioni. Naomba nisichekwe kwenye huu uzi.

Kuna aina ya paka nimeanza kuwaona kwenye nyumba za watu wa mboga saba huku Usa River na Njiro ninakopita kufunga madishi na kamera. Siongelei wale weupe wa sura bapa wanaolala kwenye sofa kutwa nzima machozi yanawatoka, hapana. Naongelea paka mkubwa, manyoya marefu kifuani mpaka tumboni, mkia umejaa, masikio yamesimama af kwenye ncha ana vishungi vya nywele, mdomo mpana wa mraba, na anakuangalia kwa chini chini hivi utadhani anakudai. Nilimkuta mmoja amekaa juu ya simtanki, nikamuita mlinzi kwanza nikamuuliza huyu anang'ata? Mlinzi akacheka akasema huyo anaogopa kuku.

Sasa swali langu, kwa nini ile sura inamshika mtu hivi? Maana sisi wa huku wanyama tumewazoea, mimi nimeshalala Karatu fisi wanalia usiku kucha na usingizi nikaupata vizuri tu. Ila huyu paka hanitoki kichwani. Na je ni aina gani, af mi nakaa Moshi, Pasua, joto la huku mnalijua, anaweza kuishi au nitakuwa namtesa? Wife anasema nimechanganyikiwa, paka wa bure wamejaa mtaani mimi nataka wa kununua.

mangi_wa_rau

Uzi bila picha huu.

Sisi huku paka anafugwa ashike panya, asiposhika anahama mwenyewe. Nakaa siti ya mbele nisubiri wataalamu.

mama_kipusa

Kaka fundi karibu sana kwenye ugonjwa. Huyo kwa maelezo yako ni Maine Coon, asili yao jimbo la Maine kule Marekani, kaskazini mashariki kwenye theluji. Mimi ninaye dume hapa Njiro, niliachiwa na familia niliyokuwa nafanya nao kazi walipohama nchi. Ana kilo nane na kitu wakati paka wetu wa kawaida akifika nne unasema huyu anakula vizuri. Na hawakui haraka, wanaendelea kujaa mpaka miaka mitatu minne, sa usije ukadhani umeuziwa kimeo kwa sababu ana mwaka mmoja na bado hajawa dubwana.

Hiyo sura sasa nikwambie ukweli, ni uongo mtupu. Mtu akija getini akimkuta amekaa kwenye nguzo na yale manyoya ya shingoni anarudi nyuma hatua mbili, akishaingia ndani huyo huyo paka anamfuata chumba hadi chumba kama mtoto anayesubiri hela ya pipi. Na sauti yake je? Unategemea angurume, anatoa kasauti kembamba kanatetemeka, trrr, trrr, wageni wanakufa kwa kucheka. Maji anayapenda, anatia mkono kwenye ndoo anachota anarusha, siku ya kudeki nalazimika kumfungia chumbani. Mi naona kinachovuta ni hapo, unakaa ndani na kitu kinachoonekana cha porini lakini kinakulalia miguuni. Ungempata mwenye sura hiyo na tabia za sura hiyo ungemtoa mwenyewe kabla jua halijazama.

Sasa tuje kwenye kazi maana hakuna anayeisema. Manyoya ya mgongoni hayana shida, yana mafuta mafuta, hata maji yanateleza. Shida iko kwapani, nyuma ya masikio na nyuma ya mapaja, yale ya ndani laini yanajisokota, ukiacha siku chache bila kuchana unakuta bonge gumu limeng'ang'ania ngozi. Bonge usiliwahi na mkasi, ngozi ya paka ni nyembamba inainuka pamoja na bonge utamchana. Unabana nywele kwa vidole pale karibu na ngozi ili asisikie anavutwa, af unalipasua taratibu kwa kitana cha chuma kuanzia nchani kuingia ndani.

Na kishona nguo jamani! Mvua zikishaisha ile mwezi wa sita wa saba, viwanja vya huku vyote kishona nguo kimekauka, akitoka nje nusu saa anarudi tumbo zima limejaa vile vijiti vyeusi. Nakaa naye kibarazani nachomoa kimoja kimoja huku yeye anakoroma kwa raha kabisa, anaona anafanyiwa masaji, mimi vidole vinawaka.

mganga_wa_mifugo

Mimi kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa huku Machame na Kibosho, paka naletewa wakishazidiwa, ila hii mada naipenda kinoma so niwie radhi nitaandika kirefu.

Mleta mada kama unataka kujua kwa nini sura inakushika, ichukue kipande kimoja kimoja. Masikio makubwa yaliyosimama na vile vishungi vya nchani ni ya linksi, paka mwitu wa misitu ya baridi ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Mdomo ni wa mraba na kidevu ni kizito, paka wa mtaani kidevu chake kinakimbilia nyuma ndo maana anaonekana mpole. Jicho limeinama kidogo na paji la uso limekaa kwa namna ambayo hata akiwa ameshiba anasinzia wewe unaona amekasirika. Manyoya ya shingoni hayo kila mtu anajua ya nani. Ubongo wako unajumlisha hivyo vyote kabla hujafikiri unakupa jibu moja, hatari, af sekunde inayofuata unaona kumbe ni paka tu. Huo mshtuko mdogo ndo utamu wenyewe nadhani, hapo nakubaliana na mama Kipusa.

Na ujue hakuna hata kimoja hapo kinachomuongezea ukali. Hawa kwao Maine walikuwa paka wa mabandani na bandarini, kazi yao panya, manyoya na zile nywele za katikati ya vidole ni za baridi na theluji. Zipo hadithi kwamba ni mchanganyiko wa paka na rakuni, yule mnyama wa Marekani mwenye mkia wa pete, au kwamba ni paka wa malkia Marie Antoinette wa Ufaransa waliovushwa na meli. Ni za kijiweni, paka na rakuni hawazaliani hata kidogo. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1895 kwenye maonyesho makubwa ya paka Madison Square Garden pale New York aliyeondoka na ushindi ni jike wa Maine anaitwa Cosey, akapewa kola ya fedha. Baadaye watu wakahamia kwa paka wa Kiajemi, ndo hao uliosema wa machozi, na hawa wa Maine wakasahaulika mpaka ikafika miaka ya 1950 kuna watu wanasema wameisha. Hawakuisha. CFA, chama kikubwa cha wafuga paka Marekani, kikawatambua 1976 na jimbo lenyewe la Maine likamtangaza kuwa paka wake rasmi 1985.

Sasa hiyo sura ya mwitu kupita kiasi unayoiona mitandaoni haikuwa hivyo kwa akina Cosey. Wafugaji wa Ulaya na Urusi ndo wameisukuma mbali, mdomo umetoka kama boksi, masikio yamekaribiana juu kabisa ya kichwa. Wengine wamefika mahali paka ana uso wa mzee aliyefiwa, hapo mimi sioni tena uzuri, naona mashindano ya binadamu.

Kuhusu afya usidanganywe na ukubwa. Ugonjwa wao mkubwa ni moyo, kuta zinanenepa, chumba cha damu kinabaki kidogo, paka kijana mzima wa afya anaanguka ghafla. Kasoro ya jeni inayohusika kwa Maine Coon iligundulika 2005 na kipimo chake kipo, muuzaji wa ukweli anakuonyesha majibu ya baba na mama bila kuombwa mara mbili. Nyonga nazo zinasumbua kwa sababu ya uzito.

dereva_wa_ndutu

Nawasoma hapa nacheka. Mi naendesha wageni Serengeti na Ngorongoro miaka kibao, ngoja niwaambie kitu, mwitu wenyewe hauna sura hiyo.

Kimburu, paka pori wetu, ukimuona asubuhi kule Ndutu utampita. Manyoya mafupi, rangi ya vumbi, mistari hafifu miguuni, mkia mwembamba una pete nyeusi kwa mwisho, nyuma ya masikio pana wekundu wekundu na miguu mirefu kidogo. Basi. Namuonyesha mgeni, mgeni ananyanyua kamera anaishusha, ananiuliza huyu si paka wa kambini kapotea? Namwambia huyo hapo hashikiki, mtoto wake ukimchukua mdogo ukamlea na chupa bado atakuja kukupasua mkono. Na huyo ndo ukoo wenyewe, utafiti wa vinasaba wa 2007 ulionyesha paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa jamii hiyo hiyo waliokuwa Mashariki ya Kati. Kwa hiyo huyo wa Njiro anayeogopa maji ya kudeki sijui anayapenda, babu yake ni wa rangi ya vumbi, akaenda zake ughaibuni akavishwa masikio ya linksi.

Huku kwetu mwenye vishungi masikioni ni simbamangu peke yake, na yeye manyoya ni mafupi, mwekundu mwekundu msafi. Mondo ana masikio makubwa lakini hana vishungi. Sasa mleta mada anasema anaona mwitu kwenye huyo paka, ni mwitu wa wapi? Ni wa watu wa theluji. Umeupata kwenye TV na simu, ndugu yangu, hapa nyumbani haupo.

Halafu kitu kimoja serious. Mnaofuga paka kule Karatu, Mto wa Mbu, karibu na mapori, hasini hayo mashume na majike mfunge kizazi. Kimburu anazaana na paka wa nyumbani bila tatizo, watoto wanatoka na rutuba, na hilo ndo linalommaliza kimburu kuliko bunduki. Watu wanahangaika na faru, huyu anapotea kimya kimya ndani ya paka wetu.

binti_sakina

Mkuu dereva umesema kweli ila umejifunga goli. Hao wageni wako wanalipa hela zote zile kuja kupiga picha nani? Simba dume mwenye manyoya shingoni. Majike ndo wanaowinda zaidi, wao wanakimbia na jua lote, picha anapigwa mzee anayelala chini ya mti. Sasa kosa la fundi liko wapi? Watu wanapenda mwonekano tangu zamani, mwitu wenyewe wa rangi ya vumbi nani ana shida nao.

Mimi nina saluni Sakina, kila siku wanakuja watu na picha kwenye simu wanataka nywele ambazo Mungu hakuwapa, nawawekea, wanatoka wamenyanyua shingo. Hakuna anayeuliza hizi ni nywele za mwitu wa wapi. Maine Coon ameshasukwa tayari, acheni watu waenjoi. Ninachokubali kwa daktari ni hao waliopitilizwa mpaka uso unatisha, mi mwenyewe nimewaona kwenye reels nikazima simu.

dereva_wa_ndutu

Dada Sakina nimekubali, simba dume umenipiga nalo 😂. Ila kwa ajili ya kimburu, hasini paka jamani.

pasua_kwetu

Fundi jirani, kabla hujafika mbali soma hapa. USITUME HELA MTANDAONI. Shemeji yangu aliona ukurasa una picha za paka mkubwa kuliko mtoto aliyembeba, bei poa, wanasema yuko tayari Nairobi anasubiri usafiri tu. Akatuma advansi. Ikaja hela ya kiboksi cha safari. Ikaja ya chanjo. Ikaja ya bima ati paka amezuiwa mpakani, hapo ndo akashtuka, na namba ikazimwa. Paka mwenyewe ukiangalia picha vizuri ana vidole visivyoeleweka, ni ya kompyuta.

Kipimo chepesi, mwaka 2018 rekodi ya dunia ya urefu kwa paka walio hai ilichukuliwa na Maine Coon wa Italia anaitwa Barivel, sentimita 120, na hapo imepimwa puani mpaka ncha ya mkia, mkia ukiutoa anabaki paka wa kawaida tu wa kubeba kwapani. Ukiona paka saizi ya ndama jua kamera imewekwa chini au ni uongo. Huko kwao kitoto chenye karatasi ni dola elfu moja kwenda mpaka elfu tatu, bado ndege mpaka KIA uwanja wa Kilimanjaro, bado kibali cha kuingiza mnyama kutoka mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa. Sasa mtu akuuzie kwa laki mbili?

fundi_madishi

Nimesoma yote, wife pia amesoma, sehemu ya dola elfu tatu ameisoma kwa sauti mara mbili.

Hamjanijibu la joto la Moshi. Af kuna jingine limejitokeza. Pale Mbuyuni kwa mama mmoja muuza dagaa kuna kitoto cha paka, mama yake namfahamu ni wa kawaida kabisa manyoya mafupi, ndugu zake wote wa kawaida, ila chenyewe kina manyoya marefu mpaka kwenye masikio na mkia kama ufagio wa ndani. Hiki kimetokea wapi? Kuna mzungu alipita na dume lake?

mganga_wa_mifugo

Hakuna mzungu hapo. Manyoya marefu kwa paka yanatokana na mabadiliko kwenye jeni moja inayoitwa FGF5, kazi yake ni kuiambia nywele acha kukua. Ikiharibika kwa pande zote mbili, ya baba na ya mama, nywele inaendelea. Mama wa manyoya mafupi anaweza kuwa amebeba nakala moja iliyofichika, na lile shume lililompitia pia, sa kati ya watoto wanne mmoja anaweza kuchomoza hivyo. Mijini hizi jeni zipo zinazunguka tu mtaani.

Usitegemee uso wa boksi wala kilo nane. Utapata paka wa kwetu mwenye koti refu, na moyo wake una nafuu kuliko wa hao wa ukoo. Joto la Moshi nalo msilifananishe na Arusha, Arusha mko kama mita 1,400, Moshi iko chini ya 900, Januari na Februari paka wa manyoya anahema. Mpe kivuli, sakafu ya saruji, maji safi sehemu mbili tatu za nyumba, na mchane ili yale ya ndani yaliyokufa yatoke maana hayo ndo yanayobana joto. Usimnyoe upara, watu wanafanya hivyo, jua linamuunguza ngozi. Akikuhemea mdomo wazi ulimi nje hata amepumzika, huo ni ugonjwa, mlete.

Na chakula, ugali na mchuzi wa dagaa haumtoshi. Paka hajitengenezei taurini, kirutubisho cha kwenye nyama, ya kutosha, lazima aipate kwenye nyama na samaki, mwaka 1987 watafiti Marekani walionyesha wakiikosa moyo unalegea, na kuona kwenyewe kunaharibika. Mioyo ya kuku pale sokoni ni bei rahisi, hiyo ina taurini nyingi, chemsha kidogo mpe na maji yake. Asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane, dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu usiruke.

mama_kipusa

Na umzoeshe kitana akiwa bado mdogo kaka, dakika mbili mbili tu af unampa kitu cha kula, akishakuwa mkubwa hajui kuchanwa mtagombana mpaka majirani waje. Kitana cha chuma chenye meno mapana kidogo, yale mabrashi laini ya mtoto yanapita juu tu, chini bonge linaendelea kukua.

mangi_wa_rau

Hicho kitoto kinashika panya?

fundi_madishi

Mangi hicho kina wiki sita, kinashikwa na panya.

Nimeongea na mama wa dagaa leo mchana. Amekubali nikichukue wiki mbili zijazo ila ana masharti, nimfungie dishi bure nyumbani kwake Njoro, na nimletee paka mwingine wa kulinda magunia maana paka wake, mama wa hicho kitoto, amezeeka. Anataka dume, limehasiwa, na lisiwe jizi. Kwenye dagaa. Mwenye nalo aje inbox.